Hofu Tuipe Kazi ya Kufanya

Hotuba hii ilitolewa na mama wa watoto wanne katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya Bonde la Kerio, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Ameomba jina lake na la shule lisitajwe. Tunaichapisha kwa idhini yake kwa kuwa mengi aliyoyasema yanaweza kufanywa na kila nyumba, bila kungoja bajeti.



Nimepewa dakika kumi na tano. Mimi si mwanasiasa wala si askari. Nalima mihogo na maembe, na nina ng'ombe wachache. Sikuja kuwaeleza jinsi ya kumaliza wizi wa mifugo. Wako waliopewa kazi hiyo na wanalipwa. Nimekuja kuzungumza kuhusu hofu, kwa sababu hofu naijua.

Machi mwaka wa 2001 nilikuwa darasa la tano. Mnaukumbuka mwezi ule. Murkutwo ilivamiwa na zaidi ya watu 40 wakauawa. Sisi hatukuwa Murkutwo, lakini habari ilitufikia upesi kuliko gari lolote. Mama yangu hakuuliza swali. Alimbeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukapanda mteremko hadi juu bila viatu. Nakumbuka miiba, na nakumbuka kwamba mama hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nilidhani nikikua hofu ile itaisha. Haikuisha, ilibadilika tu. Mtoto huogopa kufa. Mzazi huogopa kubaki hai wakati mtoto wake hayupo. Nani hapa hanielewi?

Mnakumbuka pia Februari 2023, Serikali ilipotuma polisi na wanajeshi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Laikipia na hii yetu. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini askari hulinda barabara na daraja. Hawezi kuja kulala katikati ya watoto wangu. Saa nane za usiku mbwa akibweka, ni mimi na giza.

Niwaambie nilivyokuwa, na naomba msinicheke. Nilikuwa nalala na viatu. Paka akiangusha sufuria jikoni, mimi niko chini sakafuni. Mtoto akichelewa dakika kumi kutoka shuleni, badala ya kumpokea nilimpiga. Wa tatu, mwenye miaka minane, alirudia kukojoa kitandani, nikampiga kwa hilo pia. Siku nyingine niliwafungia wote ndani wasiende shule. Nilifikiri nawalinda.

Kisha jioni moja mwanangu wa kwanza alikuja kuniketia karibu na moto. Alikuwa Gredi ya 9, umri wa miaka kumi na tano. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tuuze yule ng'ombe mwekundu. Kuna mtu anauza chuma. Nikiwa nacho utalala."

Wazazi wenzangu, mtoto huyu hakuwa mbaya. Hakuwa amefundishwa na genge. Alikuwa amefundishwa na mimi. Kila usiku aliniona nikitetemeka, akaona kwamba akiwa kijana wa kwanza wa nyumba ni wajibu wake kuniondolea kile kitetemeshi. Na njia aliyoiona ni hiyo moja.

Usiku ule nilijifunza jambo ambalo ndilo hasa nimekuja kulisema. Hofu usipoipa kazi, itajitafutia kazi yenyewe. Na katika bonde letu, kazi ambayo hofu huipata upesi ni kununua bunduki.

Tulifikaje hapa tulipo? Si kwa siku moja. Nyumba moja imeogopa, imeuza ng'ombe. Jirani amesikia, naye ameogopa, ameuza wake. Ng'ambo ya mto wamesikia kwamba vijana wetu wana silaha, nao wameuza. Tumefika hapa ng'ombe kwa ng'ombe. Na kila aliyenunua alisema ni ya kulinda watoto. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema wazi kwamba hakuna ruhusa ya kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Lakini hata bila sheria, jiulize: nyumba ambayo wahalifu wataijia kwanza, si ile wanayojua ina bunduki?

Sikumfokea. Nilimwambia, "Ng'ombe siuzi kwa jambo hilo. Lakini nimekusikia. Nipe usiku huu mmoja, kesho nitakupa kazi." Sikujua ni kazi gani. Nilikaa macho hadi jogoo wa kwanza nikifikiri. Haya ndiyo tuliyoyafanya, moja baada ya lingine. Ni madogo. Mengine yatawachekesha.

La kwanza, tulipajua mahali pa kulala chini. Asubuhi nilizunguka boma pamoja naye. Ukuta wa udongo hauzuii risasi ya bunduki hizi, wala mabati hayazuii. Kwa hiyo tulitafuta pale ambapo ardhi imeshuka na mawe makubwa yanakinga. Tukakubaliana: mlio ukisikika, hakuna kukimbia ovyo. Unalala chini hapo hapo, mbali na mlango na dirisha, tochi imezimwa. Kukitulia, wote tunakutana mahali pamoja ambapo hata mdogo wa miaka minne anapajua. Sitapataja hapa. Mara moja kwa mwezi tunafanya mazoezi mchana, kama mchezo. Mdogo hucheka sana akilala chini, nami namwacha acheke. Nataka mwili wake uikumbuke njia ile bila kukumbuka kilio.

La pili ni mfuko. Umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nakala ya kitambulisho changu, dawa ya pumu ya binti yangu, tochi, na simu ya kabambe iliyojaa chaji. Mwaka mmoja tulikimbia tukaacha kila kitu, nikatumia miezi kutafuta vyeti upya ili mtoto asajiliwe mtihani. Sasa nikisikia mbwa, jambo la kwanza si kulia. Mkono wangu unajua pa kwenda.

La tatu ni njia ya shule. Hofu yangu kubwa ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, watoto wakiwa vichakani peke yao. Nikaenda kwa jirani, yeye akaenda kwa jirani yake, tukawa nyumba sita. Nikawaambia tufanye kama wazee wetu walivyofanya na mifereji. Mifereji hii inayoleta maji kutoka juu kuja mashambani mwetu ilichimbwa zamani, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Bado maji yanapita. Kwa nini? Kwa sababu kuna zamu. Hakuna mtu mmoja awezaye kuulinda mfereji mzima. Kila ukoo una siku yake, na jiwe likianguka, wenye zamu wanaliondoa.

Sasa watu wazima wawili huwatembeza watoto asubuhi, wawili huwarudisha jioni. Hawana silaha. Wana filimbi na simu. Kukiwa na habari mbaya usiku, mwenye zamu humpigia chifu na mwalimu kabla mtoto hajavaa sare, na neno lake ndilo linalofuatwa: tunatembea, au leo hatutembei. Si kila mama kuamua kwa hofu yake.

Na hapa ndipo mwanangu alipopata kazi niliyomwahidi. Nilimnunulia daftari. Kila asubuhi aliandika majina ya watoto walioondoka, na langoni akaandika waliofika. Watoto ishirini na watatu. Aliwahesabu kwenda, akawahesabu kurudi. Wiki ya kwanza alifanya kwa kuninyamazia, bado ana uchungu wa ng'ombe. Wiki ya tatu niliona anatembea mbele ya wadogo kama mzee wa boma, na mtoto mmoja akibaki nyuma anasimamisha msafara wote. Kijana aliyetaka chuma alikuwa anataka tu awe na watu wa kuwalinda.

Daftari lile likatusaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Tulipoenda baraza, zamani tungelia tu kwamba watoto wanapoteza masomo. Safari hii tulifungua kurasa: siku hizi hawakwenda, kwa sababu hii, na saa ya hatari ni hii. Tukaomba doria ipite asubuhi, si saa tano watoto wakiwa tayari darasani. Ombi lilisikilizwa. Kilio husikika na kupita, lakini tarehe iliyoandikwa hubaki mezani.

La nne ni uvumi. Vijana, hili ni lenu hasa. Kuna usiku ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu: "Wamevuka mto, ni wengi, kimbieni." Kijiji kizima kilipanda mteremko gizani. Mama mmoja alijifungulia njiani, juu ya mawe. Namshukuru Mungu yeye na mtoto ni wazima. Kulipokucha tukajua waliovuka ni wachungaji watatu waliokuwa wakifuata mbuzi waliopotea. Watatu. Na kuna vijana wetu waliokuwa wamelala vichakani wakiwangoja. Kama wangefyatua, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Tangu siku ile nina maswali matatu. Nani ameona kwa macho yake? Ni wapi? Ni saa ngapi? Nisipopata majibu, ujumbe ule unafia kwenye simu yangu. Siupeleki mbele. Lakini sinyamazi pia: nampigia chifu au polisi, wao ndio wachunguze.

La tano ni risasi zinazookotwa. Watoto wetu huokota maganda, wengine huyavaa shingoni. Ganda tupu na risasi nzima mtoto hawezi kuvitofautisha, na risasi nzima ikitupwa motoni inaweza kulipuka. Wangu wanajua maneno haya: usiguse, weka alama, mwite mkubwa. Mkubwa naye amwambie chifu au polisi. Na baba, ukimletea mtoto ganda kama zawadi, unamfundisha kuipenda.

La sita lilinigharimu aibu. Mhudumu wa afya ya jamii alinikuta nikimpiga yule wa miaka minane kwa ajili ya godoro. Aliniita pembeni akaniambia, "Mama, huo si ukaidi. Hiyo ni hofu inayotoka kwa mlango mwingine." Akanieleza kwamba mtoto aliyeshtushwa anaweza kukojoa kitandani, kunyamaza, kupigana na wenzake, au kung'ang'ania nguo ya mama, na kwamba kinachomponya ni mambo yale yale ya kila siku kufanyika kwa saa ile ile.

Basi sasa jioni tuna utaratibu. Uji, hadithi, sala, kisha maswali mawili kwa kila mtoto: leo uliogopa nini, na leo ulifurahia nini? Usiku wa kwanza hakuna aliyejibu. Usiku wa nne yule wa miaka minane alisema, "Niliogopa ulipofunga mlango kwa nguvu." Nilikuwa nimefunga mlango tu, jamani. Sikujua kwamba mlango wangu una mlio wa bunduki masikioni mwa mwanangu.

Na nimeacha kuwadanganya. Zamani nilisema, "Hakuna kitu kitatokea." Mtoto anajua ni uongo, kwa hiyo anabaki na hofu yake na pia hana mama wa kumwamini. Siku hizi nasema, "Sijui kama watakuja. Lakini najua tutafanya nini." Kitanda kimekuwa kikavu usiku mwingi kuliko zamani. Si usiku wote.

La saba ni gumu. Nina rafiki ng'ambo ya mto. Kabla mambo hayajaharibika alikuwa akija soko letu na maziwa, mimi nikimuuzia maembe. Miaka ikapita bila kuonana. Nilikuwa na nambari yake, lakini nani atampigia mtu wa upande ule bila kuitwa msaliti? Kwa hiyo sikufanya kwa siri. Nilienda kwa kamati ya amani na kwa chifu, nikawaambia: nataka kumpigia mama fulani, na nitampigia kila Jumapili, mjue. Wakakubali.

Hatuzungumzi habari za ng'ombe wako wapi wala askari wako wapi. Tunaulizana: watoto wameamkaje? Mvua imenyesha? Yule wa kifua amepona? Jumapili moja ya kiangazi nikajikuta nimemweleza habari ya mwanangu na yule ng'ombe mwekundu. Akanyamaza. Nikasikia mbuzi wake wakilia kwenye simu. Kisha akaniambia, "Na wangu aliniomba hivyo hivyo. Alisema, nikiwa nacho utalala."

Maneno yale yale, wazazi wenzangu. Watoto wawili ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja akitaka kumnunulia mama yake usingizi kwa kitu kitakachomnyima mama mwingine usingizi.

Akaniambia, "Wewe usiuze kwa ajili ya hiyo, nami sitauza." Nikasema, "Nimekubali." Hapakuwa na mgeni wa heshima, wala hema, wala karatasi ya kutia sahihi. Ni mkataba wa ng'ombe wawili tu. Lakini kwa hesabu yangu, ni bunduki mbili ambazo haziko katika bonde hili.

Najua kuna mzee hapa anajiuliza: mfuko kwenye msumari utazuia risasi? Daftari litazuia risasi? Hapana, mzee wangu, havitazuia. Sikuja kuwadanganya nyinyi pia. Wahalifu wakija, tunahitaji polisi, tunahitaji sheria, tunahitaji viongozi wa pande zote mbili wasiotumia damu yetu kupata kura. Hilo tuendelee kulidai, na kulidai kwa nguvu. Lakini kati ya leo na siku litakapotimia kuna usiku mwingi, na watoto wetu wanakua ndani ya usiku huo. Wanatutazama. Wakiona hofu yetu imekaa bure, wataipa kazi wao wenyewe. Wakiiona imebeba filimbi, imebeba daftari, imebeba simu ya Jumapili, watajua kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akabaki mtu.

Ninawaomba jambo moja tu. Usiku wa leo, kabla hamjalala, fanyeni moja. Si saba. Tundika mfuko. Au uliza mtoto aliogopa nini. Au futa ule ujumbe. Jirani yako akikuona, kesho atafanya la kwake, na ndivyo maji ya mfereji yanavyofika shamba la mwisho.

Nimalizie na yule ng'ombe mwekundu, kwa sababu najua mtaniuliza. Nilimwuza Januari mwaka huu wa 2026. Nilimwuza mnadani, mchana, mbele ya watu, na pesa zake zimempeleka mwanangu Gredi ya 10. Yuko bweni. Daftari sasa analishika dada yake.

Lakini kabla ya kumpeleka mnadani nilimpigia rafiki yangu wa ng'ambo. Nilitaka asikie kutoka kwangu kwamba nauza, na nauzia nini, asije akasikia kwa watu akafikiri vingine. Alicheka. Akasema alikuwa anataka kunipigia kwa jambo hilo hilo: binti yake naye anaingia Gredi ya 10, na yeye pia ana ng'ombe wa kuuza.

 Mungu alilinde bonde letu, huku na ng'ambo.

KWA WAKAZI
Ukisikia milio ya risasi au ukiona watu wenye silaha, piga 999 au 112. Mtoto aliye hatarini, au mzazi anayehitaji ushauri kuhusu mtoto, apige 116 (Childline Kenya), bila malipo. Kwa ushauri nasaha baada ya tukio la kutisha, piga 1199 (Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya), bila malipo. Risasi au silaha ikionekana, isiguswe. Mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza kwenye zahanati kwa mtoto aliyeshtuka.